Moteri ya Mama Mukwe Ndani ya Gari ya Sport

Mama Anne-Marie, mushauri wetu wa radio, minye niko kijana wa hapa Kavimvira, nakuomba unisaidie mbio ju shida imenifika ku shingo, lakini tafazali usome barua hii bila kusema jina langu. Niko na Celica nyekundu ya zamani, ya milango mbili, gari ya sport kabisa, niliitoa Bujumbura ingali inakimbia, nikipita bantu bote banageuka, kisha siku moja nikaikimbiza bila maji mu radiateri mpaka moteri ikaungua, na tangu pale gari ikabakia ku kiwanja, kuku zinataga mu kiti ya nyuma, na marafiki banapita bananiuliza kama yale mayai yanakunywa mafuta gani, mazutu ao esansi.

Sasa fianse wangu, Eliane, ni mutoto wa Bwegera, na mama yake, Mama Pudentienne, iko na mashini ya kukoboa mpunga, njo hiyo moja tu kijiji yote inategemea. Moteri ya mashini ikaanza kutoa moshi mweusi, na mama, ju ananipenda, akanipatia minye niishushe Uvira kwa rafiki yangu Basile, mekanisie. Basile akaitengeneza muzuri, palepale ku kiwanja yake Celica ilipobakia, ikawa inalia tuku-tuku-tuku pale chini, na karibu yake ile Celica iko wazi mbele, tumbo tupu, na siku ya kutoa mahari inakaribia, na minye nilikuwa nimesha kujisifu kwa bakwe ya kama nitakuya na gari yangu mwenyewe, sasa Mama Anne-Marie, weye ungefanya je? Tukaingiza moteri mu gari. Basile akasudi vyuma kwa moto, akafunga mikanda, akatoboa kapo, kile kifuniko ya mbele, ju bomba ya moshi itokee juu. Tunaiwasha na manivela, chuma ya kuzungusha na mukono, hapo mbele, kama ku mashini. Inatembea, siongopi, ata kama baskeli za Kiliba zinatupita.

Neno mubaya njo sauti. Mu bonde yote bamama bakisikia ile tuku-tuku banajua mashini imefunguliwa. Nilifika Sange ju ya kuijaribu, nikaona mu kioo bamama bananifuata na mabeseni ya mpunga ku kichwa, mumoja akatua beseni yake juu ya gari, akaniambia yeye njo wa kwanza ku mustari, na minye sikuweza kumukimbia. Eliane naye, siku nilimupandisha, akasinzia palepale, ju ile sauti njo ilikuwa inamulalisha tangu utoto, na mu usingizi akauliza, "Mama, mpunga imeisha?" Akaamuka, akaniangalia sana, akaangalia ile bomba ya moshi, akashuka.

Mama Pudentienne ananipigia simu, "Mwanangu, moteri yangu iko wapi?" Namujibu ya kama Basile angali anaijaribu. Kule kwake mavuno imejaa mpaka mu vyumba vya kulala, bamama banatwanga mu vinu, mikono imevimba. Akijua, Eliane sitamupata tena, na bila Eliane minye siko muntu. Nikienda na miguu, niko muongo mbele ya bakwe bote. Basile anasema tuweke silensie ya kamyo ku bomba ya moshi, minye naona afazali tufunge baffle, tupige muziki ya nguvu. Weye unaona ipi itafunika sauti?

Mwenye kuteseka, Kavimvira

Mwenye kuteseka,

Niache kwanza nipanguse machozi, maana fundi wetu wa mitambo hapa studio amecheka mpaka amenichekesha na minye. Sasa nisikilize. Minye ni mushauri wa ndoa, silensie siijui. Tena anayeteseka si weye. Anayeteseka ni yule mama mwenye muchi mukononi, wakati weye umekaa ndani ya mashini yake unatembea Sange.

Naelewa haya yako, mwanangu. Kufika kwa wakwe na miguu, kiisha kujisifu, si kitu kidogo. Lakini ujiulize: ule mama alikupa moteri ya watu wote bila mushahidi, na mahari haujatoa. Alikuwa amesha kukuita mutoto wake. Weye uliona tundu ndani ya Celica, ukaona moteri, ukasahau mama. Kweli ulikuwa na akili siku ile?

Na Eliane usimudanganye hata kidogo. Mutu aliyelala ku ile sauti maisha yake yote anajua amelalia nini. Amenyamaza ju anangoja useme weye mwenyewe.

Haya. Usingoje siku ya mahari. Muchukue Basile leo, washa hiyo gari, panda Bwegera. Bamama wakikufuata na mabeseni, waache wakufuate. Ukifika usiingie nyumbani kukaa. Rudisha gari mpaka ku mashini, toeni moteri mbele ya macho ya watu, muirudishe pahali pake, na weye mwenyewe ukoboe mpunga ya wale waliotwanga, mpaka beseni ya mwisho. Hapo ndipo uombe musamaha, ungali na pumba mu nywele. Siku ya mahari upande moto, pikipiki ya kukodi, ukae nyuma ya shofere na kostimi yako, wacheke. Kucheka hakuvunji uchumba. Uongo unauvunja.

Na usifikiri uko na nafasi ya kuchagua. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La mama mukwe haukuniomba nilifiche, nimelisoma hapa ku radio. Pale Bwegera, zamani, wakati wa emisio hii ya radio hakuna aliyeweza kunisikia ju ya kelele ya mashini. Tangu uinyamazishe, wanatwanga na radio iko pembeni ya kinu, na barua zao zinanifikia kila juma. Kwa hiyo washa moteri, mwanangu. Wanakungoja.