Nyokabi Kifuani kwa Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya kwanza ya kumweka mwanangu kifuani niliipoteza tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa. Wiki thelathini na moja, gramu 1,420. Mimi nilikuwa wodi ya juu na mshono, presha imekataa kushuka. Nesi akauliza nani ana kifua cha kumpa mtoto joto. Wairimu, dada ya mume wangu, akafungua vifungo. Siku sita alimbeba yeye, ngozi kwa ngozi, wamefungwa leso moja.
Leo kama juzi. Nimefungua duka Ruiru, saa tano niko Thika. Nimekamua maziwa, yakapita kwa mrija. Nimembeba Nyokabi masaa mawili. Simu: lori la simiti limefika. Duka la vyuma nililianza na toroli moja la misumari, halijiendeshi. Nikamrudisha mtoto kwa Wairimu.

Jumanne, 4 Machi
Mizani: 1,465. Jana 1,440. Na nesi anamsifu nani? "Wairimu, kifua chako ni jiko!" Nilicheka na wao. Nilitaka kulia.
Wairimu anamwita mtoto Mami. Najua, mtoto ana jina la marehemu mama yao, yeye na mume wangu, kwake huyu ndiye mama yake. Hata kwetu mtoto aliyerithi jina tunamwita hivyo. Lakini leo ameniambia, "Mami amelala, usimguse." Nisimguse! Mshono ni wa nani?

Alhamisi, 6 Machi
Wivu umenishika. Nilishaamini mtoto ananikataa, kwamba kifua changu ni baridi. Sasa nimepiga hesabu nyuma ya daftari la duka. Wairimu hukaa masaa tisa, mimi mawili. Jana alichelewa, nikakaa matano. Leo mizani: zimeongezeka gramu 28. Hazijawahi kufika hapo.
Basi kifua changu hakina shida. Masaa ndiyo hayakuwepo.
Nesi nilipomwonyesha daftari alicheka. "Mama Nyokabi, mtoto si simiti. Wewe kaa chini tu."

Ijumaa, 7 Machi
Nimefunga duka. Chaki mlangoni: NITARUDI. Sikuandika lini.
Masaa kumi na moja kwenye kiti cha plastiki. Mgongo umekufa. Wairimu alikuja na leso yake, akanikuta nimeshamfunga mtoto.
"Kwani leo Mami hanitaki?"
Nikamwambia chai iko kwa chupa. Alikaa kando mpaka jioni, leso imekunjwa mapajani. Sikumhurumia. Kidogo tu.

Jumatatu, 17 Machi
1,790. Daktari anasema Jumatano tunaweza kwenda nyumbani.
Nyumbani kwa nani? Kamau, mume wangu, ameniambia tukiwa koridoni: Nyokabi akae kwa Wairimu miezi mitatu. Ati yeye yuko hapa Thika karibu na kliniki, na mimi nina duka. Wao wawili wameshanunua hita ya chumba. Yaani kikao kilikaa, mama mtoto hakuitwa.
Nilirudi kwa mtoto. Ningejibu ningepiga kelele wodi nzima.

Jumanne, 18 Machi
1,815. Amenyonya titi mara tatu bila mrija, nguvu zake mwenyewe.
Alasiri nimempa Wairimu amshike saa nzima. Hakuomba. Alimwongelesha Kikuyu polepole, vile mtu humweleza mamake habari za nyumbani. Nani ameoa, ng'ombe yupi amezaa. Niligeukia dirisha. Wivu bado upo. Umepungua, sijui gramu ngapi.
Nimemtumia Kamau ujumbe. Naunakili hapa ili nisije nikaambiwa sikusema:
"Kesho Nyokabi anakuja Ruiru, kifuani kwangu. Dada yako naye aje, chumba kipo, hita aibebe. Kliniki nitampeleka mimi. Kukaa Thika bila mimi, hapana. Unakubali au unakataa? Usiniambie tutaona. Nataka jibu kabla ya saa nne asubuhi, kabla sijapewa karatasi ya kutoka."