Puto Waliloliacha kwa Makusudi

Mdogo wangu wa damu,

Pokea salamu za kaka yako mwenye miaka sabini na tisa, aliyezika wake wawili na wenye nyumba watatu waliotaka kumhamisha. Mgongo unalalamika, lakini ngazi bado napanda na ndoo ya rangi mkononi. Vijana wa kazini wananiita Chuma. Wewe hujambo? Shemeji je, mguu umepungua kuvimba? Mwandiko usiucheke, mkono huu umezoea brashi.

Nimesikia umemzuia binti yako asiende kutolewa uvimbe kwenye kizazi, eti madaktari walisahau puto ndani ya binti yangu. Kaa chini nikueleze.

Binti yangu alitolewa uvimbe kama huo, naye anatafuta mtoto mwaka wa nne sasa. Nilipokwenda kumtazama akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba ndani ameachiwa kijiputo, atakaa nacho siku kadhaa. Unanijua. Nilisimama katikati ya wodi ya wanawake nikanguruma kwamba watu hawa wamesahau vifaa vyao, sasa wanatunga hadithi. Nikamwamuru binti avae viatu tuondoke.

Mtoto huyu hajawahi kunibishia tangu azaliwe. Akavuta shuka mpaka kidevuni, akasema, “Baba, tumbo ni langu. Nenda ukanywe maji.” Wodi nzima ikaangua kicheko. Mmoja akajishika tumbo akalia kwamba babu huyu atamfumua nyuzi.

Muuguzi mkuu, mama mfupi wa miwani, akanitoa nje. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia mtaa mzima hakuna nyumba ya maana ambayo sijaipaka mimi. Akauliza, dirisha nikilipaka nikalifunga rangi ikiwa mbichi, kesho linafunguka? Nikamwambia halifunguki, rangi imelishika. Akasema kuta za kizazi zinalaliana; zikiwa na vidonda zinaweza kupona zimeshikana, mimba ikakosa pa kukaa. Puto linazitenganisha mpaka zipone. Hakuniahidi makubwa. Alisema linapunguza hatari tu, ndiyo maana lazima binti arudi baadaye wachungulie kwa kamera.

Puto likatolewa, na baadaye akarudi. Wakakuta kovu jembamba pembeni, daktari akalikata palepale. Kwingine kote kweupe. Mtoto bado, lakini njia ipo.

Sasa lililonishikisha kalamu. Maneno ya puto lililosahauliwa yametoka kinywani mwangu. Kabla sijaelezwa nilishawapigia simu dada zetu wote. Nilipoelezwa, sikumpigia hata mmoja. Chuma mzima nikaseme nilikosea? Na ile kelele yote ilikuwa woga, ndugu yangu. Mama yake alikwenda kwa miguu yake kupasuliwa, nikamrudisha ndani ya jeneza. Nilipomwona mwanangu kwenye kitanda kile, akili iliniruka.

Mwache mwanao aende. Amuulize daktari mwenyewe, kabla ya kisu, watafanya nini ili ndani pasije pakashikana. Aulize yeye, usiulize wewe. Sisi wazee tukae benchi la nje.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Ukiona nimepunguza chumvi au nimeongeza, yupo muuguzi wa miwani, na yupo binti yangu. Mpigie yeye. Amesema atakuja kukaa na mwanao siku ya upasuaji, na mimi ameniambia nibaki nyumbani.

Kaka yako,
Fundi Rangi