Sarafu ya Babu Ilivyosuguliwa

Kabambare

Dada yangu Zaina,

Nakusalimu wewe, mama, na wote mnaolala chini ya paa letu hapo Kasongo. Goti la mama linaendeleaje na baridi hii ya mvua? Mimi mwili ni mzima na cherehani bado inanilisha, ila moyo ni mzito. Barua hii isome peke yako, mama akiwa shambani.

Kesi ya mdogo wetu Ramazani imekwisha, na amefungwa. Dokta Mzungu ambaye Ramazani alikuwa mpishi wake alipoteza sarafu moja ya kale. Naye, kwa mdomo wake ule usiojua kutulia, alikuwa amekwisha kujisifu kwamba hata kwetu ipo moja kama hiyo, babu aliileta kutoka pwani. Ndiyo maana askari alikuja kuichukua kwa mama, wakidhani ndiyo hiyo iliyoibwa.

Sikuwa na hofu. Ya dokta ilikuwa na mbwa mwitu anayenyonyesha watoto wawili. Ya kwetu, babu alituonyesha tukiwa wadogo, ina mtu amesimama na mkuki. Imelika, lakini ukiiinamisha kwenye mwanga unamwona. Serikali ikamwita padri mzee anayezijua sarafu hizo. Akaisogeza dirishani, akaigeuzageuza chini ya kioo chake cha kukuzia. Upande wa kichwa akasema ni mfalme wa Warumi, kwa zile ncha za taji. Upande wa pili akaupapasa kwa kidole.

"Hapa kulikuwa kitu," akasema, "lakini sasa siwezi kujua kama iko mutu ao iko nyama. Ule weusi wa zamani ndio ulishika picha. Nani alisugua hii feza?"

Zaina, ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. Nilijua palepale. Mama yetu, ambaye hata sufuria ya kuazima hairudishi bila kuipiga majivu na ndimu, angeachaje kitu cha babu kiende mbele ya Serikali kikiwa kichafu? Najua ndimu ulizichuma wewe. Sikulaumu, hata mimi ningezichuma.

Dokta akaruka: "Mwizi anafuta alama!" Bwana Mkubwa aliyekuwa akihukumu akauliza tena ni nani aliyesugua. Nilifungua mdomo, sijui hata ningesema nini. Ramazani akaniwahi.

"Ni miye, Bwana. Nilisugua siku ya Idi, wakati nilienda kwetu."

Kama angemtaja mama, askari wangerudi kumchukua. Basi wakampiga fimbo uwanjani watu wakitazama, kisha wakamtia minyororo. Sarafu amepewa dokta. Nilimpelekea Ramazani muhogo pale buloko walikomfungia, na mgongo wake sikuweza kuutazama. Nina hasira, dada, na sina pa kuipeleka. Yeye aliniomba jambo moja tu: "Mama asijue ile mambo ya kusugua. Akijua, hatakula tena."

Kwa hiyo mwambie amefungwa, hilo halifichiki, lakini la majivu na ndimu tulimeze sisi wawili.

Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi Mwamini msuka mikeka, na mjomba Selemani anayeadhini msikitini. Amwombee huyu mdogo wetu.

Mama atakuuliza kama Wazungu waliipenda sarafu. Mwambie waliishika wote kwa zamu, wakaulizana ni mikono ya nani iliyoisafisha vile.

Ni mimi mdogo wako,
Shabani