Maji ya Kwenye Kamba Yetu

Jumapili, tarehe 8 Machi

Mpendwa mshauri wa ukurasa wa familia,

Naomba msaada wako, mimi ni dobi na mjane, mume wangu alifariki mwaka jana, kazi hii tuliifanya pamoja, yeye akifua na kuanika, mimi nikipiga pasi, na kila akimaliza kuanika alisimama chini ya kamba, mikono bado ina povu, akamwambia binti yetu, "Angalia juu, mama, wingu letu hilo linaondoka," maana alimfundisha kwamba maji ya nguo zetu hupanda yakawa mawingu, ya mashuka ya nyumba ya wageni yanakuwa meupe na ya ovaroli za gereji yanakuwa meusi, mtoto anacheka, nami nacheka, kumbe yeye mtoto anayashika yote.

Tangu baba yake atutoke, kila Jumamosi binti yangu analowanisha shati la baba la mistari, lile lisilo na kifungo cha juu, analianika mwenyewe na kukaa kwenye ngazi akitazama juu mpaka likauke, nami sikumkataza kwa sababu ndiyo saa anayotulia. Juzi mwalimu aliuliza darasani mawingu yanatoka wapi, binti yangu akanyoosha mkono akayasema yote, na ya gereji pia, wenzake wakamcheka na kumwita Wingu Chafu, akarudi akaniuliza, "Mama, baba alinidanganya?" nikamwambia nenda kale kwanza. Shemeji yangu anasema, "Mwambie tu kaka alikuwa mtani, mawingu yanatoka baharini, basi." Nikisema hivyo naona namnyang'anya mtoto kitu alichoachiwa, nisiposema watazidi kumcheka, na wingu ni nini mimi mwenyewe sijui, niliishia darasa la saba. Jumamosi alilowanisha shati akaliacha, bado limo kwenye beseni, hataki kuligusa, limeanza kunuka. Nilianike au niache?

Ukikaa kujibu barua, unikumbuke.

Dobi wa Kona

*

Dobi wa Kona,

Pole sana, mama. Sasa nikugombeze kidogo. Mtoto akiuliza kama baba yake alimdanganya, humwambii aende akale. Ukimya wako ameuchukua kuwa ndiyo jibu, na ndiyo maana shati linanuka.

Mumeo alikuwa karibu na ukweli kuliko shemeji yako anavyodhani. Nguo ikikauka, maji hayapotei. Yanageuka mvuke usioonekana, unachanganyika na hewa. Hewa ya joto hupanda, na kadiri inavyopanda inapoa. Huko juu kwenye baridi mvuke hushika chembe za vumbi na kurudi kuwa matone madogo mno, mepesi hata hewa inaweza kuyabeba. Matone hayo yakiwa mengi pamoja, ndilo wingu. Yakiungana yakawa mazito, yanaanguka, tunasema mvua. Bahari hutoa maji mengi zaidi, hapo shemeji hakukosea, lakini mito, majani na kamba yako vinachangia pia. Kidogo sana, ila vinachangia.

La gereji ulikuwa utani. Uchafu haupandi, unabaki kwenye beseni, na hilo unalijua kuliko mimi. Wingu jeusi ni nene tu, mwanga wa jua unashindwa kupenya. Tena mvuke husafiri mbali ukichanganyika na wa watu wengine, kwa hiyo mtoto asikae ngazini kusubiri wingu moja la baba yake. Mwambie hivyo, usimtungie hadithi nyingine.

Shati lifueni upya leo, wewe na yeye. Akamue mwenyewe. Kisha pitisha pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, pasi uishike wewe, umwonyeshe ule weupe unaofuka: ni matone, ni wingu dogo la humo ndani. Weka juu yake kijiko kilichopozwa kwenye maji baridi na kufutwa kikauke, aone kinavyotoa jasho. Hapo umwambie, "Baba alisema kweli kuhusu maji. Kuhusu gereji alikuwa anatuchekesha." Atayabeba yote mawili. Kesho mpeleke shule mwenyewe, umwombe mwalimu amruhusu kuonyesha jaribio hilo la kijiko darasani. Na shemeji mwambie aje asaidie kukamua mashuka, maana muda wa kutoa hukumu anao.

Kifungo cha juu kishone. Jumamosi ijayo akitaka kulianika shati, mwache; akitaka kwenda kucheza, mwache vilevile, na usimwone amemsahau baba yake.

Siku mkimaliza kuanika mkatazama juu, mnikumbuke na mimi.