Dirisha Langu Halizibwi

Kibokoni, Mombasa
9 Mfungo Tano, 1322

Mpendwa kaka yangu Muhdhar,

Asalaam aleikum wa rahmatullahi wa barakatuh. Kwanza nakujulia hali wewe na wifi yangu Mona na watoto. Kile kifua chako kimepoa? Usiache maji ya tangawizi, na usioge maji ya baridi alfajiri kwa ukaidi tu. Sisi huku tu wazima, ila masika yameingia na kuta zatoa jasho.

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimeudhika. Waniamuru nimsikilize shemeji Aidarus, nifunge virago nikamalizie eda nyumbani kwake Kuze, eti kwa kuwa dirisha la chumba changu latazamwa na watu. Kaka, wewe ni mkubwa wangu na sijapata kukuvunjia neno. Hili nalivunja.

Ni kweli jirani wa ng'ambo ya kichochoro ameongeza ghorofa, na madirisha yake sasa yakodolea langu. Ni kweli pia kwamba mjane aliye edani haonekani na wanaume. Aidarus alikuja akasimama chini ya ngazi, akapaza sauti: "Shemeji, ama dirisha lizibwe kwa mawe, ama njoo ukae kwangu!" Likizibwa, nitashonea kofia kwa mwanga gani? Na nikitoka, nitarudi lini? Milango yote ya nyumba hii aliichonga marehemu mume wangu Jamaldin kwa mkono wake, na nduguye namjua. Nikitoka leo kwa ajili ya dirisha, kesho nitakuta kufuli jipya. Isitoshe, Mwalimu Tumu, bibi aliyetusomesha Kurani mimi nawe, asema eda hukaliwa katika nyumba ya mume.

Basi nikaagiza pazia la vijiti vya mwanzi, lile la Kihindi la kukunja kwa kamba. Anayekaa ndani huona nje, aliye nje haoni ndani. Tatizo likawa kulitundika, maana fundi mwanamume haingii kwangu mpaka eda ishe. Nikafungua kasha la vyombo la Jamaldin.

Hapo nikafanya kosa la wake wa mafundi. Nilidhani kwa kuwa nimemtazama miaka kumi na minane, basi nami najua. Nikachukua nyundo kubwa kuliko zote na msumari wa chuma mrefu kuliko yote, nikaugonga ukutani kwa hasira zangu zote za Aidarus. Kaka, kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Lipu ilimwagika kichwani mwangu, msumari ukapinda, na tundu likabaki ambalo paka angeweza kulalia. Nilikaa sakafuni nikalia, nakuambia kweli, nikamlilia Jamaldin kama siku ya kwanza.

Mara ya pili nilichonga vigingi vya mkoko, nikavigongomea ukutani, kulabu juu yake. Pazia likakaa siku nne. Siku ya tano Aidarus alikuwa kichochoroni akiwaeleza majirani zangu wa mtaa jinsi nilivyo mkaidi, likaponyokea nje dirishani, likamwangukia yeye na kilemba chake. Mti ulikuwa mbichi. Ulipokauka ulisinyaa ukaliachia tundu. Sikucheka sana, kwa kuwa niko edani.

Mwalimu Tumu ndiye aliyenituliza. Akaniuliza, "Jamaldin akianza kazi, mkono wake ulikwenda wapi kwanza?" Nikakumbuka: haukwenda kwenye nyundo, ulikwenda kwenye keke, atoboe tundu kwanza. Basi nikachimba matundu mawili kwa tindo, polepole, mapana ndani kuliko mdomoni. Vigingi safari hii vya mvule, nilivyovikausha juu ya jiko siku tisa. Nikavitia kwa chokaa, nikangoja ishike. Kisha nikavitoboa kwa keke, tundu jembamba kuliko parafujo, nikazungusha kulabu za shaba nilizozipaka nta. Za chuma zingeliwa na kutu kwa hewa hii ya chumvi. Tumu na miaka yake sabini alishika ngazi, akinisomea dua na kunigombeza kwa zamu.

Aidarus hakuridhika. Alisema nyundo katika nyumba ya matanga ni aibu. Nikamjibu kutoka juu kwamba nimekatazwa manukato, wanja na hariri. Kitabu cha kukataza keke akilete nikione. Akaenda kwa jirani, akapanda ghorofani, akatazama. Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa, nyuma ya mianzi, nikimtolea ulimi. Nilimsikia akimwambia mwenye nyumba, "Sioni kitu."

Akarudi akasema mvua ikinyesha litaanguka tena. Imenyesha siku sita. Vigingi vimevimba vikabana, na pazia halijatikisika. Ndipo alipokuandikia wewe, kwa kuwa ukuta umemshinda.

Kwa hiyo sihami, kaka. Zimebaki siku sitini na nane, nami nitazikaa zote chini ya dirisha hili, na baada yake nitaendelea kukaa. Ukiniona nimekosa, njoo mwenyewe. Chai iko, na ngazi iko.

Nisalimie shangazi Afaf, umwambie kofia ya mumewe yakaribia kwisha. Wabusu watoto, hasa Taha. Mwalimu Tumu akusalimu, asema hajasahau juzuu uliyoikimbia. Mola akupe afya, akulinde na baridi, akuoneshe haki ingawa mimi niko ng'ambo ya maji.

Ndani ya barua hii nimekufungia ule msumari uliopinda. Siku utakapotaka kuniandikia tena nihame, ushike kwanza mkononi.

Mimi dada yako, akupendaye na asiyehama,

Mwanaesha