Kiki ya Bikizee

Shoga, nimempiga teke muuzaji wa pikipiki. Teke la haja, mbele ya wateja!

Si unajua fundi alisema Bikizee wangu, pikipiki yangu kuukuu, hamalizi mwezi, spea zake hazitengenezwi tena? Na bila pikipiki, mimi mkunga nitawafikiaje wajawazito wangu kule mlimani? Basi leo nikaenda dukani na mume wangu kuchagua nyingine.

Muuzaji ananiona mimi, anaongea na mume wangu. Mume wangu! Mtu ambaye hata baiskeli inamshinda! "Mzee, mama atafaa kitu chepesi."

Nikapanda ile niliyoipenda. Mguu wa kulia ukaenda wenyewe kutafuta kiki ya kuwashia, kama kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Haina kiki, shoga! Haina! Mguu ukatua kwenye muundi wa mtu.

"Mama, hii ni ya kubonyeza!" Machozi yanamlengalenga. Mume wangu kageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Nikatoka nimenuna. Bikizee akawaka kwa kiki moja. Moja! Nusura nilie.

Kesho narudi, sina ujanja. Twende wote, ila usisimame kulia kwangu.