Saa ya Mzee Kumagai Isipigwe Msasa

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimeiona! Toleo la kwanza kabisa la ile saa ya wazamiaji, lililotengenezwa miezi michache tu mwaka 1967. Miaka kumi na moja naitafuta, kumbe iko bandarini Shiogama, nusu saa tu kwa treni, ndani ya kopo la biskuti la Mzee Kumagai. Alikuwa mzamiaji wa bandari, akipanga mawe ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Uso wa saa umegeuka rangi ya chai. Mikwaruzo kila upande. Na kile kitufe kidogo cha kutilia ufunguo – ndicho chenyewe! Mzee anasema ukivaa glavu hukishiki. Kiwanda kilipowauliza wazamiaji, yeye ndiye aliyelalamika, na mwaka uliofuata wakaweka kikubwa.

“Hii ya kwanza ilikuwa mbovu, mama,” akaniambia. “Mbona unaitaka mbovu?”

Nikacheka kama mjinga. Hata hivyo amekubali kuniachia. Nikaichukue Jumamosi.

Jumatano, 6 Novemba

Mume wangu Tadao anasema nina saa sita za kupigia mbizi na kuogelea sijui. Kweli tupu.

Leo kazini, kwenye maabara ya meno ya bandia, nachonga jino la nta, jibu la swali la mzee likanijia. Toleo la pili limeshaambiwa kila kitu. La kwanza lilikuwa linabahatisha. Watu wa kiwanda wamekaa mezani, chini ya bahari hawajafika, wakajitahidi, wakakosea padogo. Napenda kupaona pale walipokosea. Panapotea upesi sana. Mimi mwenyewe nimetupa meno mangapi ya kwanza?

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa.

Mzee kapiga simu mchana. Anaona haya kunipa kitu kichafu. Kesho anaipeleka kwa Fundi Isogai, jirani yake, ipigwe msasa, ibadilishwe uso na mishale, ing'ae. Gharama ni juu yake. Heshima kwa mgeni, anasema.

Na mimi nikasema nini? Nikasema asante sana! Nikainama na simu sikioni, peke yangu, mbele ya mashine ya kung'arishia meno. Mimi, ninayejua vizuri kile ambacho gurudumu lake linakula! Kikishaliwa hakirudi.

Nimepiga mara nne. Hapokei. Tadao kaacha utani, kaniambia niende mwenyewe. Lakini utamwambiaje mtu wa miaka themanini na mbili kwamba hisani yake ni maafa?

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Naandika nikiwa kwenye benchi la Fundi Isogai.

Nilipoingia uso mpya ulikuwa mezani, mweusi, haukuwa na kosa hata moja. Saa imefunguliwa. Gurudumu linazunguka. Mzee alishtuka kuniona, akafikiri nimekuja kuharakisha kazi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri kwenye treni. Yote yakayeyuka.

“Mzee, nisamehe,” nikasema. “Msiiguse. Naitaka na uchafu wake. Mkiing'arisha, mimi siitaki tena.”

Masikio yananiwaka moto. Fundi Isogai akatazama dari. Halafu yeye mwenyewe akazima gurudumu, akasema polepole kwamba tangu asubuhi mkono ulikuwa unamsita.

Mzee akaomba miwani. Akaishika saa karibu na dirisha, muda mrefu. Nilidhani amekasirika. Kumbe anasoma. Huu mkwaruzo, akasema, ni mnyororo wa jiwe la mwisho, siku waliyomaliza ukuta. Huu ni wa Ozaki, mwenzake, ambaye mzee alimvuta juu kwa mkono huu huu hewa ya Ozaki ilipokatika. Ozaki bado yu hai, ana wajukuu tisa. Mzee hajawahi kumsimulia mtu, anasema. Nani angeuliza?

Fundi Isogai kafunga mfuniko wa saa, uso wake wa zamani ndani. Mzee akatia ufunguo kwa kucha, akikilaani kile kitufe na kucheka. Inatembea!

Ameivaa. Yuko kwenye mkwaruzo wa tano sasa, anasimulia na mikono yote miwili. Treni yangu imeshaondoka. Habari ya Jumamosi hajaigusa, wala mimi sijaigusa. Nafikiri nimeiokoa saa na kuikosa, vyote kwa siku moja. Ajabu, sina kinyongo. Fundi Isogai anatuwekea chai, na mzee ananiita nisogee, mwanga wa pale ni mzuri zaidi, eti kuna mkwaruzo mmoja mdogo upande wa chini ambao bado hajanionyesha. Naweka kalamu.